Chomoa Hiyo Hita, Nai Iko na Digrii Zake

Ukiingia duka ya samaki za urembo hapa tao useme unataka goldfishi mbili tu za kutoa keja ushamba, jua utatoka na mzigo. Tanki, mawe za rangi, ka-ngome ka plastiki, taa ya bluu ya kuchukulia video usiku, na juu ya hiyo yote mse wa kaunta atakuongezea hita. "Hii ni lazima, bro. Bila hii zitadedi na baridi." Anaiseti 26, anakufungia, unatuma M-Pesa, unaingia mat ukishikilia mfuko ya maji kwa magoti. Kenye hajakushow ni ati hiyo hita ni ya samaki zingine kabisa.

Wacha tutoe namba mapema ndio tusipotezeane time. Goldfishi nyembamba, ile ya kawaida pamoja na kometi na shubunkini, inataka maji ya digrii 18 hadi 22. Zile nono za mwili duara, oranda, ryukini na ile nyeusi ya macho yametokeza, zinapenda moto kiasi, 20 hadi 24. Gapi, moli, beta na angelfishi ndio za 24 hadi 27, juu mababu zao walitoka maji ya nchi za joto, Amerika ya Kati, Amerika Kusini, Thailand na pande hizo. Sasa duka mob huku hupanga zote kwa ukuta moja, tanki juu ya tanki, hita zote zimesetiwa sawa, na mnunuzi anadhani samaki ni samaki.

Goldfishi ni mtu wa China. Zaidi ya miaka 1,000 imeisha tangu Wachina waanze kutenga samaki za rangi nyekundu na dhahabu kutoka kwa zile za kijivu za kawaida, na enzi za Song, kati ya 960 na 1279, matajiri wa pande za Hangzhou walikuwa wanazifuga kwa vidimbwi kwa boma ndio watu wajue ni mababi. Huko Hangzhou winta inashuka hadi karibu sufuri, na summer inapita 35. Samaki ilikuwa inakaa tu hapo nje, mwaka mzima, hakuna soketi.

Hapo ndio wasee hupotezwa. Wakiskia goldfishi inaweza kuishi chini ya barafu na pia ikakaa maji ya digrii 30, wanadai basi digrii si kitu. Zii. Dimbwi ya Hangzhou ilikuwa inachukua miezi kutoka joto hadi baridi. Mwili wa samaki ulikuwa unapata muda ya kujipanga, siku baada ya siku. Kenye inaumiza goldfishi ya keja ni ile maji ya 24 saa nane mchana na 16 saa kumi na moja asubuhi, kesho tena hivyo, kesho kutwa tena hivyo. Kinga ya mwili inalegea, halafu unaanza kuona madoa nyeupe kwa mapezi ka chumvi imenyunyiziwa, na unakimbilia dawa wakati shida iko kwa dirisha penye umeweka tanki.

Na hiyo stori ya barafu si jaba. Kwa baridi kali, maji ikikosa oksijeni, goldfishi inageuza ile asidi ya misuli kuwa pombe na kuitoa kupitia mashavu. Mwaka wa 2017 watafiti wa vyuo vya Oslo na Liverpool walichapisha venye hiyo mashine ya mwili inafanya, na wakaonyesha ati binamu yake mmoja, samaki wa vidimbwi vya Ulaya Kaskazini, anaweza kufika zaidi ya miligramu 50 za pombe kwa mililita 100 za damu. Hiyo ni juu ya kiwango ya dereva kwa nchi mob za Ulaya. Alcoblow ingemshika hapo Waiyaki Way bila stori.

Sasa tukam Nai. City iko juu karibu mita 1,700 hivi kutoka bahari, na ndio maana hata ukiwa karibu na ikweta unavaa hudi. Julai, mwezi ya baridi, mchana mara mingi haipiti digrii 22 na usiku inashuka pande za 12. Februari na Machi, wakati jua inachoma wasee kwa steji, mchana inafika 27 au 28. Hiyo ni hewa ya nje. Maji ya tanki ndani ya nyumba ya mawe haikimbizani na hewa. Inasonga polepole na kukaa katikati. Lita 80 za maji kwa kona haina dirisha zitacheza kati ya 18 na 24 karibu mwaka mzima. Soma tena zile namba nilikupea za goldfishi. Wasee wa London wanalipa stima ndio nyumba ifike hapo. Wewe uko nayo bure Umoja, Ronga, Kasarani, Buru, na bado unachomeka hita.

Kuchomekea goldfishi hita ya 26 Nairobi ni kama kuvalisha msee wa Limuru jaketi ya manyoya halafu umshukishe nayo Mombasa.

Na hasara si joto pekee. Hii maneno ya mita 1,700 iko na upande ingine wenye duka haitakuambia. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hivyo hata maji inabeba oksijeni kidogo kuliko kule chini. Mombasa, usawa wa bahari, maji ya digrii 20 ikishiba inabeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Hiyo maji hiyo, digrii hizo hizo, ukiileta Nai inabeba 7 na kitu, juu presha ya hewa huku ni kama asilimia 80 ya ile ya Coasto. Kumbuka pia maji ikipata moto, oksijeni inahepa. Maji ya digrii 30 huko Mombasa inabeba saba na nusu hivi. So maji ya Nai ya digrii 20 iko karibu sawa na maji ya Mombasa ya digrii 30! Mlima ishakunyang'anya digrii kumi za hewa kabla hujagusa kitu. Ukiongeza hita ipandishe hadi 28, unabaki na sita na ka-pointi, na hapo tanki iwe safi, ikiwa na bubbles.

Halafu piga hesabu ya upande wa samaki. Damu yake ni baridi, maana hana jiko ya ndani. Mwili unafuata maji. Maji ikipanda digrii 10, mwendo ya mwili inaenda karibu mara mbili. Moyo unapiga mbio, chakula inaisha mbio, oksijeni inahitajika mara mbili. Yaani joto inapunguza hewa kwa maji na wakati hiyo hiyo inafanya samaki aitishe hewa zaidi. Ukiona goldfishi imesimama juu, mdomo nje, ikipiga hewa ka msee amekimbizwa na kanjo, usidhani inaitisha dishi. Hiyo ni kukosa pumzi. Wengi huona hivyo, wanamwaga chakula, na wanamaliza kazi.

Kumwaga chakula ndio inatuleta kwa choo. Goldfishi haina tumbo. Si matusi, ni mwili: dishi inapita moja kwa moja kwa utumbo, ndio maana inakula kutwa na kunya kutwa, na mashavu nayo inatoa amonia bila kupumzika. Amonia kwa maji iko na sura mbili, moja mpole na moja sumu, na joto inasukuma upande ya sumu. Kwa maji ya pH 8, digrii 20, kama asilimia 4 ndio iko upande ya sumu. Ipandishe hadi 28 na inafika sita na nusu. Uchafu ni ile ile, tanki ni ile ile, lakini sumu imeongezeka zaidi ya nusu juu tu ya hita. Mtu aniambie hapo hiyo doo ya hita ilinunua nini.

Kabla sijasahau, tuongee mambo ya bakuli. Najua inabamba kwa video. Ile duara ya kioo, goldfishi moja ndani, mezani karibu na dirisha, jua ya asubuhi inapenya, luku imeivana na kapeti. Hiyo ni lita nne, labda tano. Maji kidogo hivyo haina nguvu ya kushikilia digrii. Jua ikigonga masaa mawili imepanda, pazia ikifungwa imeshuka. Na ule mdomo mwembamba wa juu unafungia hewa nje. Jiji ya Roma, Italia, ilipiga marufuku bakuli za duara mwaka wa 2005, na Monza, jiji ingine ya huko, ilikuwa ishatangulia mwaka mmoja mbele. Hapa kwetu kanjo bado iko busy na wasee wa mahindi choma, so hiyo uamuzi imebaki yako.

Chukua tanki ndefu na pana, si ile imesimama wima. Hewa inaingia kupitia uso wa maji, kwa hivyo uso ukiwa mkubwa ndio poa. Goldfishi moja nono ianze na lita 75 hivi, ingine ikija uongeze. Wale wembamba wanafika urefu wa rula na kupita, hao kusema ukweli ni wa dimbwi. Ukiwa singo ya Pipeline waachie watu wako na compound. Weka tanki penye jua haifiki, mbali na friji mgongoni, mbali na jiko, na si juu ya spika. Taa iwe LED, juu zile za zamani zinachemsha maji pole pole na wewe unalaumu hali ya hewa. Bandika themometa ya kioo upande wa mbali na pampu. Isome asubuhi kabla ya kazi na jioni ukirudi. Tofauti ikiwa digrii moja au mbili, lala. Ikipita nne, hamisha tanki kabla ya kununua kitu yoyote.

Sasa kubadilisha maji, penye samaki mob za Nai hudedia na watu wanadhani ni kurogwa. Unajua ile tanki nyeusi ya plastiki iko juu ya ploti. Saa tisa mchana mwezi wa Februari imepigwa na jua kutwa, unafungua bomba inakam vuguvugu. Saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai, bomba hiyo hiyo inatoa maji ya kufanya meno yaume. Ukichukua robo ya tanki na kujaza moja kwa moja kutoka bomba, umemrusha samaki digrii kadhaa kwa dakika mbili. Na kama ni maji ya kanjo, iko na klorini juu yake, na klorini inachoma mashavu.

Dawa ya yote mawili ni ndoo. Jaza jioni, wacha wazi bila kifuniko, karibu na tanki, hadi kesho jioni. Klorini inatoka yenyewe, na maji inakuwa digrii sawa na keja. Ukiweza kuweka ka-jiwe ka hewa ndani, inaenda mbio zaidi. Hii ndio sehemu pekee penye mgao wa maji umewahi kusaidia mtu: ukikaa mtaa yenye bomba inatoka siku mbili kwa wiki, tayari uko na mitungi za lita 20 zimejipanga hapo kwa mlango. Fungua vifuniko usiku moja kabla, basi. Robo ya maji kila wiki, si yote. Julai, ukipima ndoo na uone iko chini ya tanki kwa digrii tatu, ongeza maji moto ya kettle kwa ndoo, koroga, pima tena. Kwa ndoo, nimesema. Kuna watu.

Samaki mpya pia anataka hiyo adabu. Mfuko iliyotoka tao imekaa kwa mat yenye madirisha imefungwa, jam ya Jogoo Road, maji ndani ishapata joto. Ielee juu ya tanki dakika 15 au 20 bila kufungua, halafu ongezea maji ya tanki kidogo kidogo, ndio umtoe. Maji ya mfuko mwaga kwa sinki, usiiweke kwa tanki.

Stima ikipotea, wasee wa tropiki ndio hupanik juu maji inaanza kupoa. Wewe digrii hazikuhusu, pampu ndio imezima. Na kumbuka tushasema huku juu hewa ni ya kubahatisha. Kuna ka-pampu ka betri, nunua, weka na mishumaa. Ukikosa, chota kikombe cha maji ya tanki, inua juu, mwaga irudi, rudia mara kadhaa kila nusu saa. Ile kupasuka ya maji ndio inaingiza hewa. Usilishe giza ikiwa bado. Kwa bili, hita ya wati 100 ikiwaka masaa 10 imekula yuniti moja ya token. Pampu ya hewa ya wati 5 inachukua zaidi ya wiki ndio ifike hapo. So hata kama hujali samaki, jali mfuko.

Hita si shetani, lakini. Iko na siku zake. Ukiwa Nyahururu ama Limuru kwa nyumba ya mabati, na umeweka oranda ama ranchu, usiku ya Julai inaweza kushusha maji chini ya 15, na hao wanono wakipata baridi utumbo unagoma, wanaanza kuelea upande upande. Hapo iseti 20, ikamate tu ile kushuka ya usiku. Na madoa nyeupe zikiingia, watu hupandisha maji pole pole, digrii moja kwa masaa kadhaa, ndio mdudu anayeleta hayo madoa amalize maisha yake haraka na dawa imshike, hewa ikiwa imeongezwa. Hiyo ni matibabu. Ikipona, unarudisha chini.

Coasto ndio kuko na kazi ya ukweli. Huko kati ya Januari na Machi mchana inapita 32, usiku haishuki sana, na maji ya tanki inakaa 28, 29, 30. Kometi ya Mombasa inaishi, usinielewe vibaya, lakini inazeeka mbio. Toa kifuniko, weka neti. Elekeza feni ivume juu ya maji. Ile kukauka ya maji inatoa joto, digrii mbili hata tatu, ingawa hewa ya Coasto ikiwa nzito na unyevu inasaidia kidogo kuliko ingesaidia Nakuru. Chupa ya maji imegandishwa inaweza kuelea mchana ile saa mbaya, lakini moja ndogo, si tatu, juu tusirudi kwa ile kupanda na kushuka. Punguza samaki, punguza dishi, ongeza hewa. Na kama bado hujanunua, ukweli ni ati gapi na moli zingeenjoy zaidi huko. Hizo hazihitaji kubembelezwa na digrii za Mvita.

Watu huniuliza kama hii yote inastahili samaki ya soo mbili tatu. Goldfishi iliyotunzwa inafika miaka 10, 15, bila miujiza. Kule Yorkshire, Uingereza, kulikuwa na moja iliitwa Tish, ilitolewa kama zawadi kwa maonyesho ya Doncaster mwaka wa 1956, ikaishi hadi 1999. Miaka 43. Hiyo samaki ilipita presidenti wetu wa kwanza ikiwa kwa tanki. Na kama ukichoka nayo, usiitupe mto. Naivasha iliingiliwa na binamu yake, kapu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ikafika mahali ndio wavuvi wa huko walikuwa wanavua zaidi. Hiyo lake iko juu karibu mita 1,900, maji baridi kiasi, mahali kamili ya familia hiyo. Mpatie mtu mwenye dimbwi.

Disemba ukienda ocha, funga pazia, wacha pampu ikiwaka, jaza token. Keja imefungwa mwezi huo inapata joto kiasi, so badilisha robo ya maji siku mbili kabla ya kusafiri, si asubuhi ya safari ukiwa na haraka ya gari. Goldfishi kubwa yenye afya inamaliza wiki nzima bila dishi na haikumisi. Jirani mpe ufunguo acheki kama stima iko. Chakula ficha.